Pima bando kwanza, ndipo uchague lugha ya kompyuta

Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mtu akitajiwa programu mpya haulizi kwanza inafanya nini. Anauliza ni MB ngapi. Bando la Airtel au TNM hununuliwa kidogo kidogo, na kijana anayejifunza kuandika programu hupiga hesabu ambazo mwenzake wa Nairobi mwenye waifai ya ofisini hazimsumbui: nikishusha hii leo usiku, kesho nitabaki na nini cha kusomea? Tangu kwacha ishushwe thamani kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023, hesabu hizo zimezidi kuwa chungu, maana laptopu, hata ya mtumba, bei yake hufuata dola.

Kwa hiyo anayetaka kujua lugha ipi ya programu inamfaa mtu wa hapa asianze na orodha za lugha zinazosifiwa duniani. Aanze na zana zake: zina uzito gani, zinasakinishwa vipi, ukikosea zinakuambia nini, na kama zitaendelea kufanya kazi intaneti ikipotea. Kwa macho hayo nimekuwa nikiijaribu lugha iitwayo Gleam hapa Lilongwe, kwenye laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 4. Ni lugha changa; toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 2024. Wengi hawajaisikia, na hakuna tangazo la kazi Lilongwe nililoliona likiitaja. Hata hivyo nadhani ina jambo la kuwaambia wanaofundisha na wanaojifunza kompyuta Dzaleka.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kaskazini mwa Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza walikofungiwa wapinzani wa serikali. Mwaka 1994 pakafunguliwa kambi ya wakimbizi. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, Wanyarwanda, Wahabeshi na Wasomali. Sokoni Kiswahili kinatosha, na mtu wa Kigoma au wa Uvira hatafuti mkalimani. Darasani ndiko mambo yanakochanganyika. Mkongo na Mrundi walisoma kwa Kifaransa, shule za Malawi zinataka Kiingereza, na majirani wanaongea Chichewa.

Kompyuta si ngeni kambini. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kutoa masomo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao katika sehemu tatu: Kakuma nchini Kenya, Aleppo nchini Syria, na Dzaleka. Kazi hiyo leo inaitwa Jesuit Worldwide Learning. Baadaye Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, akaanzisha TakenoLAB ili vijana wenzake wajifunze kuandika programu, na UNHCR pamoja na Microsoft wakauunga mkono mradi wa AppFactory humo humo kambini. Lilongwe nako, Rachel Sibande alianzisha mHub mwaka 2013, kitovu cha kwanza cha teknolojia nchini Malawi.

Ukipanda minibasi, Lilongwe na Dzaleka si mbali. Sheria ndiyo inayoirefusha njia. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na vya uhuru wa kutembea, na mkimbizi huhitaji kibali kutoka nje ya kambi. Machi 2023 serikali iliwaagiza wakimbizi wote waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei polisi wakaanza kuwakamata mjini Lilongwe. Maduka yakafungwa, watoto wakatolewa shuleni. Katika hali hiyo, kumwambia kijana wa kambini ahudhurie mkutano wa waandishi wa programu mjini jioni ni kumtania. Hana fundi mzoefu wa kumkalia pembeni na kumwonyesha kosa lake liko wapi. Kilichobaki kumfundisha ni mashine yenyewe, na hapo ndipo ubora wa zana unapogeuka kuwa suala la elimu.

Lugha za kifanksheni, ambazo Gleam ni mojawapo, ni ukoo wa zamani. LISP ya John McCarthy ilibuniwa mwaka 1958, ML ya Robin Milner ikazaliwa Edinburgh miaka ya 1970, na Haskell ikatoka mwaka 1990. Zinatofautiana kwa mengi, ila zote zinapenda programu ijengwe kwa fanksheni ndogo ndogo, kila moja ikipokea kitu na kurudisha kingine, bila kuchokonoa mambo ya wengine kwa siri.

Mfikirie mwenye duka kwenye soko la kambi na daftari lake la madeni. Mteja anadaiwa kwacha 5,000, amelipa 2,000. Mwenye duka mmoja anafuta 5,000 kwa kifutio na kuandika 3,000. Mwingine anaiacha 5,000 ilivyo, anaandika mstari mpya chini yake: amelipa 2,000, imebaki 3,000. Mwezi ukiisha na ubishi ukazuka, wa pili ana pa kuonyesha. Wa kwanza ana karatasi iliyochakaa kwa kufutwa. Lugha nyingi tunazofundishwa huandika kama wa kwanza. Gleam huandika kama wa pili: thamani ikishaundwa haibadilishwi, ukitaka nyingine unaunda mpya. Programu ikileta jibu la ajabu, huna haja ya kujiuliza ni nani aliyepita nyuma yako akabadilisha hesabu.

Maneno matupu hayatoshi, basi hebu tuione lugha yenyewe. Huu hapa ni msimbo mfupi wa Gleam kwa ajili ya duka hilo hilo, unaoamua muuzaji amjibu nini mteja kulingana na namna alivyolipa: taslimu, kwa deni, au kwa Mpamba na Airtel Money, huduma za pesa za simu:

pub type Malipo {
  Taslimu
  Mpamba
  AirtelMoney
  Deni
}

pub fn jibu(malipo: Malipo) -> String {
  case malipo {
    Taslimu -> "Asante, karibu tena"
    Mpamba -> "Subiri ujumbe wa simu"
    Deni -> "Andika daftarini"
  }
}

Msomaji mwenye jicho kali ameshaona tatizo. Juu tumetaja namna nne za kulipa, chini tumejibu tatu tu. Airtel Money imesahauliwa. Ukiandika programu kama hii kwa JavaScript, itakubali na kukimbia. Itafanya kazi Jumatatu na Jumanne, mpaka siku atakapokuja mteja wa Airtel Money ndipo kwenye risiti litokee neno "undefined", na mwenye duka aseme kompyuta imerogwa. Gleam haikuruhusu kufika huko. Kompaila, yaani ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inagoma kuitengeneza, inachora mstari chini ya sehemu yenye kasoro, inaeleza kwamba umeacha uwezekano mmoja, kisha inautaja kwa jina: AirtelMoney.

Kwa aliye peke yake saa nne za usiku, ujumbe huo ni mwalimu kamili. Kompaila nyingine nimezitumia, na nyingi hutoa makosa kama karani wa ofisi ya serikali anayekurudishia fomu bila kusema ulipokosea. Ya Gleam inakuonyesha pa kushika. Sifa hii haikuanza nayo. Elm, lugha ya kurasa za wavuti iliyotolewa na Evan Czaplicki mwaka 2012, ndiyo iliyowazoesha watu kwamba kompaila inaweza kuongea kistaarabu, na waliotengeneza Gleam walisoma hapo.

Kuna kasoro ambayo Mmarekani wala Mwingereza hataiona. Ujumbe huo mzuri wote uko kwa Kiingereza. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa mpaka darasa la nane huko Kivu, kisha akaja kukutana na Kiingereza kambini, anausoma kwa taabu. Kinachomsaidia ni kwamba sentensi ni fupi, mpangilio haubadiliki, na alama ya mstari inaeleza hata pale maneno yanapompita. Halafu majina ya vitu ndani ya programu unayachagua mwenyewe. Hapa Kiswahili kinapata ushindi mdogo ambao umenifurahisha: Gleam inakubali herufi a hadi z tu kwenye majina, bila alama juu wala chini ya herufi. Mfaransa hawezi kuandika "reçu" wala "crédit". Sisi "risiti", "deni" na "malipo" zinapita bila kuulizwa.

Tuje kwenye uzito, lile swali la kwanza.

Gleam nzima ni faili moja. Ndani ya faili hilo kuna kompaila, kitengenezi cha mradi, mpangaji wa mistari, mshushaji wa maktaba, kiendesha majaribio, na ile huduma inayokipa kihariri chako uwezo wa kukamilisha maneno na kuonyesha makosa unapoandika. Kulishusha hakufiki MB 50. Unaandika `gleam new duka`, inakuandalia folda yenye kila kinachohitajika. `gleam run`, inakimbia. `gleam format`, mistari inanyooka, na ubishi wa nani anaweka mabano wapi unaisha siku hiyo hiyo. Ili programu ikimbie utahitaji mashine ya Erlang, programu ambayo kwa Windows inazidi MB 100, au utaiambia Gleam itoe JavaScript badala yake, utumie Node, kiendesha JavaScript, uliyokwisha kuwa nayo. Kwa mwenye bando dogo napendekeza njia ya pili.

Linganisha na Haskell. Hakuna anayebisha kwamba ni lugha ya heshima, na mtu akiiva humo ameiva kweli. Lakini kuisakinisha ni safari. Unaanza na programu ya kusakinisha programu nyingine, iitwayo GHCup, ambayo inakuletea kompaila yenyewe, kisha Cabal, kisha Stack, kisha huduma ya kihariri ambayo lazima ilingane na toleo la kompaila ulilonalo. Ukimaliza, diski imepungua GB kadhaa. Kwenye mashine ya RAM ya GB 4, huduma hiyo ya kihariri ikiamka na kivinjari kikiwa wazi, kishale kinaanza kusuasua. OCaml, iliyotoka INRIA nchini Ufaransa mwaka 1996, ni nyepesi zaidi na kompaila yake ina mbio za ajabu, ila kwa miaka mingi mtu wa Windows alikuwa mtoto wa kambo. Kisakinishi chake, opam, kiliikubali Windows moja kwa moja katika toleo la 2.2 la Julai 2024. Laptopu za mtumba zinazouzwa Lilongwe nyingi huja na Windows. Elixir, lugha nyingine inayokimbia juu ya mashine ya Erlang, iko katikati: sharti uweke Erlang kwanza, kisha yenyewe, lakini ikishaingia ni rafiki mkubwa wa asiye na intaneti. Ndani ya dirisha lake la amri unaandika `h Enum.map` na maelezo yanatokea hapo hapo, kutoka kwenye diski yako.

Hilo la maelezo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mafunzo mengi ya programu yameandikwa kwa kudhani kwamba mwanafunzi yuko hewani muda wote. Malawi haiko hivyo. Januari 2022 kimbunga Ana kiliposomba sehemu ya kituo cha umeme cha Kapichira, nchi ilipoteza megawati zipatazo 130 kwa mkupuo, na hata katika siku za kawaida ESCOM, shirika la umeme, hukata bila kubisha hodi. Mnara wa simu nao hutegemea umeme. Gleam imelitazama hili kwa kiasi. Mafunzo yake rasmi yanaendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe, kompaila ikiwa imewekwa ndani ya ukurasa, hivyo msimbo unaouandika hautumwi kwenye sava yoyote kukusubirisha. Masomo yote yamekusanywa pia kwenye ukurasa mmoja mrefu ambao unaweza kuuhifadhi na kuusoma baadaye. Maktaba ukishaishusha, msimbo wake unakaa kwenye folda ya mradi wako, na kihariri kinasoma maelezo kutoka humo. Kihariri nacho kisiwe mzigo: badala ya VS Code, ambayo hula RAM kama moto wa nyasi kavu, Helix inaitambua Gleam bila kuongezewa kitu.

Afrika Mashariki imewahi kuujaribu ukoo huu darasani. Mapema mwaka 2019 kampuni ya IOHK, inayotengeneza mfumo wa sarafu ya kidijitali wa Cardano, iliendesha kozi ya Haskell jijini Addis Ababa. Wanafunzi walikuwa wanawake pekee, wa Ethiopia na Uganda, na aliyeongoza kufundisha alikuwa Lars Brünjes, mwanahisabati wa kampuni hiyo. Kozi ilidumu miezi, ana kwa ana, mwalimu akiwa mbele ya ubao. Haskell hufundishika hivyo. Sitamshauri mtu wa Dzaleka aianze peke yake kwa bando la siku, na sisemi hivyo kwa kuwadharau vijana wa kambini. Hata waliohitimu vyuo vikuu Ulaya huikimbia.

Gleam inakaa kwenye nyumba ambayo si yake. Chini yake kuna mashine ya Erlang, na Erlang ina historia inayoihusu Malawi kuliko inavyodhaniwa. Ilianza mwaka 1986 ndani ya kampuni ya simu ya Ericsson nchini Sweden, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya kuunganishia simu. Mtambo wa simu hauruhusiwi kulala. Simu moja ikikwama, nyingine maelfu lazima ziendelee. Kwa hiyo wakaigawa programu katika vijichakato vingi mno, kila kimoja kikiwa na mambo yake, hakiguswi na jirani. Kikifa, kuna msimamizi aliyewekwa mahsusi kukianzisha upya. Hawakujidanganya kwamba hitilafu hazitatokea. Walijipanga kwa siku zitakapotokea.

Kila mtu Dzaleka mwenye simu janja ameitumia kazi hiyo bila kujua, maana sava za WhatsApp zimeandikwa kwa Erlang. Facebook ilipoinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na watumiaji milioni 450 na wahandisi wachache wa kujaa basi moja.

Lakini mfano wa WhatsApp ni wa mbali. Wa karibu uko Namitete, magharibi mwa Lilongwe, katika hospitali ya St Gabriel's. Mwaka 2008 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Josh Nesbit, alifika hapo na laptopu moja na simu zipatazo 100 za mtumba, akawagawia wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini. Kabla ya hapo mhudumu alitembea mwendo mrefu kupeleka taarifa kwamba mgonjwa wa kifua kikuu ameacha dawa. Sasa ujumbe mfupi ukatosha. Programu ya siku zile, FrontlineSMS, haikuwa na lolote la kifanksheni. Mradi ukakua, ukawa shirika la Medic, na shirika likajenga mfumo wa wazi wa afya ya jamii uitwao Community Health Toolkit. Mfumo huo huhifadhi kumbukumbu zake kwenye CouchDB, na CouchDB imeandikwa kwa Erlang.

Waliichagua CouchDB kwa sababu ambayo mtu yeyote wa vijijini Malawi ataielewa. Mhudumu anajaza taarifa za mtoto kwenye simu mahali pasipo na mtandao. Taarifa zinakaa kwenye simu. Akifika penye mnara, simu na sava zinasomana, kila upande unapata kilichoupungukia, na pakitokea mgongano, matoleo yote mawili yanahifadhiwa mpaka mtu aamue, hakuna linalofutwa kimyakimya. Ni lile daftari la mwenye duka wa pili. Kenya ilipozindua mwaka 2023 mpango wake wa kuwapa vifaa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, mfumo wa kidijitali wa nchi nzima, eCHIS, ulijengwa juu ya Community Health Toolkit. Kilichoanzia kwa laptopu moja ya Namitete kinahudumia sasa kaya za Turkana na Kwale.

Ninachosema basi si kwamba Dzaleka iletewe kitu kigeni kutoka Ulaya. Fikra hii ya kuandika programu imeshazoea mazingira ya hapa: umeme wa kusitasita, mtandao unaokuja na kuondoka, mashine dhaifu. Kinachokosekana ni vijana wa hapa kuingia jikoni badala ya kubaki kwenye meza ya kula.

Sasa lawama, maana zipo. Ya kwanza ni ya chakula. Mteja wa Lilongwe anayetaka tovuti ya nyumba ya wageni haulizi lugha; anataka iwe tayari Ijumaa, na mwenye JavaScript au PHP ataimaliza kabla mwenye Gleam hajapata maktaba ya kutuma barua pepe. Kazi za mbali za Elixir na Erlang zipo na hulipa vizuri, lakini waajiri wake hutaka uzoefu, na mkimbizi asiyeruhusiwa kuajiriwa nje ya kambi ana vikwazo vya karatasi na vya kupokea malipo ambavyo hakuna kompaila itakayoviondoa.

Ya pili ni umri. Gleam humtegemea sana mtu mmoja, Louis Pilfold wa London aliyeianzisha, na michango ya wanaoipenda. Elm ilikuwa hivyo hivyo. Toleo lake la 0.19.1 lilitoka Oktoba 2019, na waliokuwa wameiwekea matumaini wakabaki wakisubiri. Mtu mwenye akiba ndogo ya muda ana haki ya kuogopa.

Ya tatu ni ya kiufundi, na mimi imenikera. Gawanya 10 kwa 0 na Gleam inakujibu 0. Haigomi, haionyi. Lugha inayokataa kuendelea kwa sababu umesahau Airtel Money inakubali kosa ambalo mtoto wa shule ya msingi angelikataa! Wenyewe wana sababu zao, na kwenye maktaba yao ya msingi kuna fanksheni nyingine ya kugawanya inayokulazimisha ushughulikie sifuri, lakini mwanafunzi hataijua mpaka aumie. Anayefundisha hesabu za fedha kwa Gleam alitaje hili siku ya kwanza.

Pamoja na hayo hukumu yangu inaegemea upande wake. Kijana wa Dzaleka aendelee na JavaScript kwa ajili ya riziki. Hilo halina mjadala. Akishaijua kiasi cha kujenga kitu kidogo kinachofanya kazi, achukue Gleam, aiambie itoe JavaScript, na aandike upya kile kitu chake kidogo. Hatapoteza alichojua, hatahitaji mashine mpya, na kompaila itamwonyesha matundu aliyokuwa akiyaruka. Atakaporudi kwenye JavaScript, ataiandika kwa tahadhari ambayo hakuwa nayo.

Kwa wenye maabara za kompyuta, Dzaleka na Lilongwe, nina ombi moja ambalo halihitaji mfadhili wala andiko la mradi. Wekeni flashi moja ya darasa. Ndani yake pawe na faili la Gleam la Windows na la Linux, Node, Helix, kisakinishi cha Erlang kwa atakayekitaka, ukurasa mmoja wa mafunzo yote, na folda ya maktaba za kawaida zilizokwisha kushushwa. Gleam inakubali maktaba iliyo kwenye diski yako mwenyewe. Unaandika tu njia ya folda kwenye faili la `gleam.toml`. Mtu mmoja atashusha mara moja, kwa intaneti ya ofisi, na wengine wote watanakili. Kila toleo jipya likitoka, flashi ibadilishwe. Vitu hivi vyote ni vya wazi, leseni zake zinaruhusu kunakili, na anayetaka kuanza hata kesho asubuhi hana wa kumwomba ruhusa.